Kimvita, Kiunguja na Swali la Ufahamu

Huenda umewahi kujiuliza ni kwa nini mtahiniwa wa Mji wa Kale, aliyelelewa kwa Kiswahili tangu utotoni, hupoteza alama katika ufahamu. Wapo wanaosema ni uvivu. Sikubaliani nao.

Mwaka wa 1928 wajumbe wa Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja walikutana papa hapa Mombasa. Kimvita, lahaja ya Muyaka bin Haji, kilikuwa na watetezi wake, hasa miongoni mwa wamishenari. Hata hivyo Kiunguja ndicho kilichoteuliwa kuwa msingi wa lugha sanifu. Mwaka wa 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha kusimamia usanifishaji huo. Basi lugha ya nyumbani ikawa si lugha ya mtihani, tena kisiwani kwenyewe!

Athari zake zingali katika KCSE, ambamo ufahamu una alama 15 kati ya 80 za karatasi ya pili. Mtahiniwa anayeandika "ndia" badala ya "njia" au "mtanga" badala ya "mchanga" huwa amekielewa kifungu barabara, lakini tahajia humpunguzia alama.

Kwa hiyo, mwalimu, usimkaripie kwa lahaja yake. Katika ushairi ni hazina. Mpe kifungu kila juma. Ayasome maswali kwanza, kisha neno analodhani analijua alipime kwa sentensi iliyotangulia na inayofuata. Akisahihishiwa, aweke daftari la jozi: mato na macho, kuteka na kucheka.