Claire M. Fagin

Claire M. Fagin (1926–2024) alikuwa muuguzi, mtafiti na kiongozi wa elimu ya uuguzi nchini Marekani. Alizaliwa jijini New York. Wazazi wake walitaka awe daktari. Yeye akachagua uuguzi, akahitimu Wagner College mwaka 1948, kisha akapata shahada ya uzamili Teachers College ya Columbia akijikita katika uuguzi wa afya ya akili.

Jina lake lilianza kusikika kwa utafiti wake wa uzamivu, aliouhitimisha New York University katika miaka ya 1960. Zama hizo mtoto akilazwa, mama alirudishwa nyumbani na kuruhusiwa kumwona saa za kutazama wagonjwa tu. Fagin alilinganisha watoto waliolala wodini na mama zao na wale walioachwa peke yao, akaonyesha kwamba wa kundi la kwanza walirudi nyumbani wakiwa na utulivu zaidi. Kitanda cha mzazi kando ya cha mtoto, ambacho leo hakimshangazi mtu, kilikuwa hoja ya kupiganiwa.

Baada ya kuongoza uuguzi Lehman College, mwaka 1977 alikabidhiwa Shule ya Uuguzi ya University of Pennsylvania, iliyokuwa ikiyumba. Aliimarisha utafiti na kuanzisha masomo ya uzamivu. Mwaka 1993 alikaimu urais wa chuo kizima, nafasi ambayo wauguzi hawakuzoea hata kuiota. Jengo la shule hiyo sasa linaitwa Claire M. Fagin Hall.