Vijiti vya Kiberiti

Baba alipigana Burma mwaka 1944, na kubwa alilotusimulia sisi wanawe ni mvua. Akishakula, alimimina vijiti vya kiberiti mezani, akavipanga kimoja kimoja, vimekingama. "Hivi ndivyo tulivyolaza magogo, gari lisizame." Tukadhani anatuchezea.

Mwaka 2014 nilikwenda Myanmar, ndiyo Burma ya leo. Nilianzia makaburi ya vita ya Taukkyan, kaskazini mwa Yangon. Nguzo zake zimechongwa majina ya askari karibu 27,000 wasiojulikana walikolala, wakiwemo wa King's African Rifles, jeshi ambalo kwetu liliitwa Keya. Baba alirudi salama. Nilikuwa nikiwatafuta wenzake. Ila hakuwahi kututajia hata mmoja.

Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, aliyokuwamo Baba, ilikusanya vijana wa Kenya, Uganda, Tanganyika, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Wakanolewa Ceylon. Kisha, Agosti 1944, wakashuka bonde la Kabaw kuwafukuza Wajapani walioshindwa vitani Imphal, India. Mvua ilikuwa haijakoma. Barabara iligeuka uji, malori yakazama, na chakula na risasi vikawa vinadondoshwa na ndege. Waliokuwa mbele walikata miti, wakailaza njiani gogo kwa gogo. Malori yakipita, magogo yakididimia, wakaanza upya. Malaria nayo iliwaandama. Kalewa, ukingoni mwa mto Chindwin, ilitwaliwa tarehe 2 Desemba.

Hapo wahandisi waliunga daraja la Bailey, la vipande vya chuma, linaloelea, urefu wake futi 1,154, refu kuliko yote ya aina hiyo wakati ule. Vitabu vya vita hivyo havichoki kulisifu. Baba hakulitaja kamwe, na mimi sasa namwamini yeye zaidi: bila yale magogo, hakuna chuma ambacho kingefika mtoni.

Nilipita Kabaw kwa pikipiki, nimepakiwa nyuma ya kijana wa huko. Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha. Penye bonde dogo alisimama, akanionyesha kwa kidole. Wanakijiji walikuwa wamelaza magogo juu ya tope, yamekingama, gome bado bichi, maji mekundu yakichuruzika katikati yake. Nilishuka, nikavua viatu, nikavuka nikiyahesabu. Yalikuwa ishirini na saba.