Haki ya malezi ya watoto baada ya talaka nchini Tanzania

Haki ya malezi ya watoto baada ya talaka ni mamlaka ambayo mahakama humpa mzazi mmoja, au mtu mwingine anayefaa, ya kukaa na mtoto na kumlea baada ya ndoa ya wazazi wake kuvunjwa. Tanzania Bara suala hilo linaongozwa hasa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Sheria hizo zinatanguliza ustawi wa mtoto mbele ya madai ya baba, ya mama na ya ukoo. Mtoto ni kila mtu mwenye umri wa chini ya miaka 18.

Kupewa malezi si kupewa umiliki wa mtoto. Mzazi asiyekaa na mtoto anabaki kuwa mzazi: wajibu wake wa kumtunza hauishi, na kwa kawaida anaruhusiwa kumwona.

Historia

Kabla ya mwaka 1971 jibu lilitegemea mila na dini za wahusika. Katika jamii nyingi zinazofuata ukoo wa baba, mtoto wa ndoa iliyolipiwa mahari alihesabiwa kuwa wa upande wa baba. Kwa jamii zinazofuata ukoo wa mama, kama vile Waluguru na Wamakonde, mtoto alikuwa wa ukoo wa mama, na mjomba alikuwa na sauti kubwa juu yake. Katika sheria ya Kiislamu mama hupewa nafasi ya kwanza ya kumlea mtoto mdogo, huku gharama zikibaki kwa baba.

Sheria ya Ndoa iliweka utaratibu mmoja kwa watu wa dini na makabila yote ya Bara. Baadaye Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa (1991) na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto (2003).

Mambo yanayoangaliwa na mahakama

Kifungu cha 125 cha Sheria ya Ndoa kinasema jambo la kwanza ni ustawi wa mtoto. Baada ya hapo mahakama huangalia:

- matakwa ya wazazi;
- matakwa ya mtoto mwenyewe, akiwa na umri wa kuweza kutoa maoni yake kwa uhuru;
- mila za jamii ya wahusika.

Hivyo mila hazikufutwa, lakini haziwezi peke yake kuamua shauri.

Kwa kawaida malezi hupewa baba au mama. Panapokuwa na sababu za pekee, mahakama inaweza kumkabidhi mtoto kwa ndugu, kwa taasisi ya ustawi wa watoto au kwa mtu mwingine anayefaa. Watoto wakiwa zaidi ya mmoja, ustawi wa kila mmoja hupimwa peke yake, ingawa Sheria ya Mtoto inahimiza ndugu wasitenganishwe. Mahakama inaweza pia kutumia taarifa ya afisa ustawi wa jamii kuhusu hali ya mtoto na ya nyumba za wazazi.

Umri wa miaka saba

Sheria inachukulia kwamba ni vema mtoto wa chini ya miaka saba akae na mama yake. Hata hivyo, dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi, kwa mfano kwamba mama anamtesa au anamtelekeza mtoto.

Watu wengi huamini kwamba mtoto akitimiza miaka saba baba anakuja kumchukua. Sheria haisemi hivyo. Kinachokoma katika umri huo ni dhana tu. Baba hapati haki mpya, na mahakama hupima upya mambo yaleyale. Tena inatakiwa kukumbuka kwamba kumhamisha mtoto mara kwa mara kunavuruga maisha yake.

Kumwona mtoto na matunzo

Mahakama inaweza kuweka masharti kuhusu mahali mtoto atakapoishi, elimu na dini yake, siku za kumtembelea mzazi mwingine, na kukataza asitolewe nchini. Sheria ya Mtoto inaitaja ziara hiyo kama haki ya mtoto mwenyewe, mradi isivuruge masomo yake. Vilevile mtoto ana haki ya kuendelea kupata matunzo na elimu ya kiwang'o alichokuwa nacho kabla wazazi hawajatengana.

Kiasi cha matunzo hupangwa kwa kuangalia kipato na mali za wazazi wote wawili, watoto wengine wanaowategemea na gharama za maisha. Kumwona mtoto na kumlipia matunzo ni mambo mawili tofauti: mzazi hawezi kuacha kutuma fedha kwa sababu tu hakupewa malezi.

Utaratibu

Kabla ya kuomba talaka, kwa kawaida wanandoa hupeleka mgogoro wao kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa. Likishindwa kuwapatanisha, hutoa hati inayoambatanishwa na shauri. Maombi ya malezi yanaweza kusikilizwa pamoja na shauri la talaka, kuanzia Mahakama ya Mwanzo. Wazazi wanaweza kukubaliana wenyewe, lakini mahakama ina uwezo wa kubadili makubaliano yasiyomfaa mtoto.

Amri ya malezi si ya kudumu. Inaweza kubadilishwa ikiwa ilitolewa kwa kutegemea maelezo ya uongo au makosa, au hali imebadilika sana. Mzazi asiyeridhika anatakiwa kurudi mahakamani. Kumchukua mtoto kinyume cha sheria kutoka kwa anayemlea kisheria kumekatazwa.

Zanzibar na Kenya

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haitumiki Zanzibar. Huko mashauri ya ndoa na talaka za Waislamu husikilizwa na Mahakama ya Kadhi, na kuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011. Nchini Kenya, kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kinawapa baba na mama wajibu sawa wa kumlea mtoto, wawe wamefunga ndoa au la.