Walisali Pamoja: Dini Ndani ya Vita ya Ituri



Kwenye mikutano yetu hapa Bigo swali moja halimaliziki: vita ya Ituri, ilikuwa vita ya dini? Wafadhili wanauliza kwa sababu wanasikia habari za makanisa yaliyochomwa. Vijana wanauliza kwa sababu mwaka 2003 walikuwa hawajazaliwa. Na tangu mauaji ya Komanda, hata wazee wameanza kuuliza.

Vita ya 1999 haikutokea kanisani. Ilitokea kwenye udongo. Huko Walendu Pitsi, ndani ya Djugu, kulikuwa mashamba makubwa yaliyoachwa na wazungu. Mengi yaliingia mikononi mwa Wahema wachache wenye mali, na sheria ya udongo ya 1973 ilimusaidia zaidi yule aliyejua njia za ofisi na makaratasi. Magomvi ya mipaka yakawa mauaji. Jeshi la Uganda ndilo lilikuwa linashika Ituri wakati ule, na kuna askari wake waliokodishwa na wenye mashamba.

Sasa angalia: Muhema na Mulendu walikuwa Wakristo wote wawili. Katoliki iko pande zote, CECA 20 iko pande zote. Mutu aliyechoma nyumba yako, pengine mulipokea komunyo pamoja kwenye Pasaka. Hakuna fundisho hata moja walilobishania. Njo maana sisi hatukubali jina la vita ya dini. Lakini kusema dini haikuwasha moto si kusema haikuwa ndani.

Ilikuwa ndani kwanza kwa njia ya dawa. Wapiganaji wengi, zaidi upande wa Walendu na Wangiti, walipita kwa muganga mbele ya kushambulia. Walipewa hirizi na masharti, wakaamini risasi haitawaingia. Jambo hili si la Ituri tu. Tanganyika waliliona katika Maji Maji ya 1905, na wazazi wetu waliliona kwa Simba mwaka 1964. Dawa haimuambii mutu nani wa kuua. Inamuondolea woga, na pengine aibu pia. CODECO, ambayo leo inatisha Djugu, jina lake lilikuwa la koperative ya wakulima, miaka ya 1970! Leo ndani yake maombi, dawa na bunduki vinatembea pamoja. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022 wapiganaji wake waliua wakimbizi zaidi ya 60 kwenye kambi la Plaine Savo. Hawa walikuwa batu ya kulala chini ya bache, hawana hata shamba la kugombania.

Njia ya pili inatuuma zaidi, maana ni ya nyumba yenyewe. Tangu zamani, hatari ikija, watu wanakimbilia misioni. Rwanda walifanya vile vile: mwaka 1994, kule Ntarama na Nyarubuye, waliofunga mlango wa kanisa walikuwa wamekusanyika tayari kwa wauaji. Hapa kwetu, tarehe 5 Septemba 2002, hospitali ya misioni ya Nyankunde ilishambuliwa na wapiganaji Wangiti pamoja na askari wa APC. Wagonjwa waliuawa vitandani, na kwa siku zile zote waliokufa walipita 1,000, Wahema na Wabira. Siku chache mbele, UPC na wenzake walikuwa wameua Wangiti kule Songolo. Tunayaandika yote mawili kwa makusudi, kwani kila upande unapenda kuhadithia moja tu.

Novemba 2002 UPC iliingia Mongbwalu. Abbé Boniface Bwanalonga, padri Mulendu, alikamatwa akauawa. Mahakama ya La Haye ilisema mwaka 2019 kwamba Bosco Ntaganda alimuua kwa mukono wake, ikamupa miaka 30. Mei 2003, Waganda walipoondoka, wapiganaji wa Kilendu waliingia parokia ya Nyakasanza, humu humu mjini, wakaua mapadri wawili na watu waliojificha kwao. Musalaba haukuwazuia. Waliingia wakitafuta kabila.

ADF iko tofauti. Ilitoka Uganda, na leo inajiita ya Dola la Kiislamu. Tarehe 27 Julai 2025 iliua waamini karibu 40 waliokesha kwenye maombi parokiani Komanda. Hapa muuaji mwenyewe anataja dini, na tangu siku ile tunasikia maneno mabaya juu ya jirani zetu Waislamu. Tunawakumbusha wenye kusema hivyo: Mei 2021, kule Beni, Sheikh Ali Amini alipigwa risasi akiwa anasali msikitini. Alikuwa akiwakemea hao ADF hadharani.

Kuna walioomba mukutanoni kwamba mabati ya waliorudi yapitie liste za makanisa, kwa kuwa pasta anajua watu wake. Ni kweli anawajua. Lakini anajua wake tu, na mama Mwislamu aliyekimbia Komanda na watoto, nani atamuandika? Tulibishana mpaka giza, likelemba ya siku hiyo ikasahaulika. Mwishowe liste imebaki kwa avenue, na nyumbakumi anahakikisha hasara ya kila nyumba. Majina yamebandikwa. Anayeona hayumo afike kwa sekretere mbele ya mwisho wa mwezi, na jirani mmoja wa kumushuhudia.