Modi na mipangilio ya kamera ya dijitali (Nyakisasa, Ngara)

Modi za kamera ni namna ambavyo kamera ya dijitali na mpiga picha wanagawana kazi ya kuamua kiasi cha mwanga kitakachoifanya picha. Kazi hiyo ina sehemu tatu: ukubwa wa tundu la lenzi, muda ambao shata inabaki wazi, na wepesi wa kihisi kupokea mwanga, yaani ISO. Katika modi ya AUTO kamera huamua yote. Katika M mpiga picha huamua yote. P, A na S ziko katikati. Makala haya yanazieleza kwa kuangalia kata ya Nyakisasa, wilaya ya Ngara mkoani Kagera, pamoja na upande wa jirani wa Biharamulo. Huko jua la utosini, udongo mwekundu, nyuso nyeusi na mashela meupe hukutana kwenye picha moja, na ndipo kamera inayojiamulia hukosea kuliko penginepo.

Jua na saa

Nyakisasa iko karibu nyuzi 3 kusini mwa ikweta na nyuzi 31 mashariki. Tanzania yote hufuata saa ya meridiani ya nyuzi 45, mstari ambao haugusi hata pwani ya nchi. Kwa hiyo huku ukingoni magharibi jua huchomoza kati ya saa 12:35 na saa 1:05 asubuhi kutegemea mwezi, hufika juu kabisa karibu saa 7 mchana, na huzama karibu saa 1 usiku. Dar es Salaam hayo hutokea zaidi ya nusu saa mapema. Mpiga picha aliyezoea ratiba ya pwani, akiambiwa na kamati ya harusi kwamba picha za maharusi ni saa 8 mchana, ajue kwamba saa 8 ya Ngara ni saa moja tu tangu jua lipite utosini.

Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba jua hupita wima. Kivuli cha mtu huishia kwenye viatu vyake, macho huzama chini ya nyusi, na kofia au kilemba hufunika nusu ya uso. Mwanga laini hupatikana hadi saa 3 asubuhi hivi, kisha tena kuanzia saa 11 jioni. Jua likishazama, dakika ishirini na kitu zinatosha giza kuingia. Ile jioni ndefu inayosifiwa kwenye vitabu vya upigaji picha vya Ulaya haipo.

Kwa jua kali lisilo na wingu kuna kanuni ya tangu enzi za mikanda: ISO 100, tundu f/16, shata 1/125 ya sekunde. Ukifungua tundu hatua moja, kutoka f/16 kwenda f/11, mwanga unaoingia huongezeka maradufu, na huo huondolewa kwa kukata muda wa shata nusu. Hivyo f/8 kwa 1/500 na f/5.6 kwa 1/1000 hutoa picha zenye mwanga uleule. Tofauti ni kwamba tundu pana hufifisha kilicho nyuma ya mtu, na shata ya haraka hugandisha mwendo. Namba ndogo ya f ni tundu kubwa, jambo linalowachanganya wanafunzi wote bila kubagua. Kivuli cha wazi, ubavuni mwa nyumba au chini ya mwembe, hubakiza karibu sehemu moja tu ya kumi na sita ya mwanga wa juani. Jicho halioni tofauti hiyo kwa sababu hujirekebisha lenyewe; kamera huiona yote.

Kabla ya dijitali

Herufi zilizo kwenye gurudumu la modi zilikuwepo kabla kamera ya dijitali haijaingia sokoni. Canon A-1 ya mwaka 1978, kamera ya mkanda, tayari ilikuwa na modi ya P inayochagua tundu na shata kwa umeme. Kamera ya dijitali yenyewe ilikuwa imeshajaribiwa: mwaka 1975 Steven Sasson wa Kodak aliunda moja ya pikseli 10,000 tu, iliyochukua sekunde 23 kuandika picha moja kwenye kaseti.

Ngara ilipojaa wapiga picha wa dunia nzima, walikuja na mikanda. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, ndani ya saa 24, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo, na kambi ya Benaco ikawa mji. Mbrazili Sebastião Salgado aliipiga picha kambi hiyo mwaka huo, kwa picha za rangi nyeusi na nyeupe. Mwaka huohuo shirika la habari la Associated Press lilianza kutumia NC2000, kamera ya dijitali iliyotengenezwa pamoja na Kodak, yenye pikseli milioni 1.3, pungufu ya simu janja yoyote ya leo. Mwenye mkanda wa ISO 400 alibaki na ISO 400 mpaka picha ya thelathini na sita, awe juani au ndani ya hema. Uhuru wa kubadili ISO picha kwa picha ndiyo tofauti kubwa zaidi iliyoletwa na dijitali katika mipangilio. Kuona picha papo hapo kunasifiwa zaidi, lakini kwa mtu anayejua kusoma mwanga ni jambo la pili.

Modi A na kitufe cha +/−

Katika modi A, inayoandikwa Av kwenye kamera za Canon, mpiga picha huchagua tundu na kamera hutafuta shata inayolingana nalo. Kwa kazi nyingi za Nyakisasa, yaani harusi, kipaimara, mahafali, vikao vya kijiji na picha za familia uani, hii ndiyo modi ya kuanzia. Mtu mmoja au wawili hupigwa kwa f/2.8 au f/4. Ukoo uliopangwa kwa mistari mitatu huhitaji f/8, la sivyo babu aliyekaa mbele ataonekana vizuri na wajukuu waliosimama nyuma watakuwa ukungu. Jicho libaki kwenye namba ya shata: ikishuka chini ya 1/125 kwa watu waliosimama, ISO ipandishwe. Chengachenga za ISO 3200 zinavumilika. Sura iliyovurugika haisafishiki.

Husemwa mara nyingi kwamba fundi wa kweli hutumia M tu. Hayo ni majivuno. Msafara wa harusi unaotoka kanisani, ukapita juani, ukaingia kwenye turubai, hubadilisha mwanga mara tatu ndani ya dakika moja, na anayezungusha magurudumu kwa mkono atapata picha za mgongo wa bibi harusi.

Kinachotakiwa pamoja na A ni kitufe chenye alama ya +/−, cha kufidia mwanga. Kipima mwanga cha kamera hakijui kinatazama nini. Hudhani kwamba vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa, vitatoa kijivu cha wastani, kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga. Bibi harusi akisimama mlangoni mwa kanisa na shela likajaza fremu, kamera huona weupe mwingi, hudhani mwanga umezidi, na huupunguza. Shela hutoka la kijivu, na uso wake hupoteza pua, mashavu na tabasamu. Tiba ni +1, pengine zaidi kidogo. Wapambe wa suti nyeusi wakijipanga mbele ya ukuta wa giza, kosa hugeuka: kamera huongeza mwanga, suti zikawa za kijivu na nyuso zikang'aa kama zimepakwa mafuta. Hapo huwekwa −⅔.

Kamera nyingi pia zinaweza kupangwa zipime mwanga kwenye doa dogo tu katikati ya fremu. Njia hii ni nzuri pale mtu anapokuwa na dirisha au anga nyeupe nyuma yake. Hata hivyo ngozi nyeusi hurudisha mwanga pungufu ya ile asilimia 18, kwa hiyo anayepima shavuni asipoweka −⅔ au −1 atapata uso uliopauka kuliko mwenyewe alivyo. Shida ya nyuso nyeusi ni ya zamani. Kwa miongo mingi maabara za kusafisha picha zilipanga rangi kwa kadi zilizoitwa Shirley, zenye picha ya mwanamke mzungu, na mtu mweusi alitoka jinsi alivyotoka. Kamera za sasa zinazotambua nyuso zimepunguza kosa hilo bila kulimaliza. Shela na uso visipoweza kutoka vizuri pamoja, uso upewe haki kwanza.

Modi S

S, au Tv kwa Canon, humwachia mpiga picha shata. Mwendo ndio unaoamua: mtu anayetembea 1/250, mcheza ngoma anayeruka 1/500, mpira wa miguu 1/1000. Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, iliyoanzishwa mwaka 2019 kwa kuunganisha mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi na yenye kilomita za mraba 4,707, ndiyo sehemu ya karibu ambako modi hii huwa na kazi: nyamera anayekimbia au ndege anayeinuka kwenye mafunjo ya ziwa Burigi huhitaji 1/1600 au zaidi, na ISO iachwe ijipange yenyewe. Gari likiwa limewashwa, mtetemo wake huharibu picha ya lenzi ndefu hata kwa shata ya haraka. Dereva aombwe azime injini.

Modi M

M inafaa pale mwanga usipobadilika lakini vitu vilivyo mbele ya kamera vinabadilika. Mfano ulio wazi ni picha za pasipoti saizi za wanafunzi. Kitambaa cha nyuma ni kilekile, kiti ni kilekile, mwanga wa mlangoni ni uleule. Anayebadilika ni mtoto. Kwa A, mwenye sweta jeusi atatoka na uso mweupe kuliko mwenye shati jeupe aliyemtangulia, na darasa zima litakuwa na rangi kumi tofauti. Kwa M, f/5.6, 1/125 na ISO iliyojaribiwa kwa mtoto wa kwanza, wote hutoka sawa.

Ukumbini usiku kuna sababu nyingine ya kutumia M au S. Umeme wa Tanzania ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu hufifia na kuwaka mara 100 kwa sekunde bila jicho kuona. Shata ya haraka, hasa ile isiyo na sauti, hukamata mistari ya giza ikikata picha. 1/100 au 1/50 huiondoa. Hii ndiyo hitilafu ambayo watu huenda nayo kwa fundi wakidhani kamera imeharibika.

Flashi ya kamera nyingi haikubali shata ya haraka kuliko 1/200 au 1/250. Wengi huiwasha usiku tu, ilhali saa 7 mchana ndipo inapohitajika kujaza vivuli vya macho. Kanga nyeupe au shuka iliyoshikwa na mtu upande wa kivuli, ikielekea jua, hufanya kazi hiyohiyo bila betri.

Rangi

Usawa wa rangi nyeupe hupimwa kwa kelvini: jua la mchana ni karibu 5,500, kivuli 7,000 hadi 8,000, balbu ya zamani karibu 2,800. Modi ya kujipanga yenyewe hufanya vizuri, isipokuwa mazingira yakitawaliwa na rangi moja. Uani palipofagiliwa, udongo mwekundu hurudisha mwanga wa kutu chini ya kidevu na kwenye mashela. Ndani ya migomba nyuso huchukua ukijani. Karatasi nyeupe ikipigwa picha palepale, kisha kamera ikaambiwa kwamba huo ndio weupe, rangi hukaa sawa. Anayehifadhi faili za RAW anaweza kurekebisha baadaye, ila zinakula memori kadi haraka. JPEG ni ndogo, na kilichopotea humo hakirudi.

Simu

Picha nyingi sasa hupigwa kwa simu. Tundu la simu nyingi halibadiliki, kwa hiyo hata katika modi ya Pro mtumiaji huamua shata, ISO na rangi tu. Kufifia kwa kilicho nyuma ya mtu hutengenezwa na programu, na nywele au ncha za kilemba hukatwa vibaya mara kwa mara. Kitufe cha +/− kipo pia: gusa uso kwenye kioo, kisha telezesha alama ya jua juu au chini.