Vigari vya Gofu na Chumvi ya Pwani
Nimetengeneza vigari vya gofu kwenye hoteli ya Diani mpaka mvi zimenitoka. Wengi hudhani chimbuko lake ni Uingereza, kwa wenye gofu yao. Wapi! Kampuni ya E-Z-GO, inayoviunda, ilizaliwa Augusta, Georgia, kule Marekani, mwaka 1954. Club Car ilianza Texas, ikahamia Augusta mwaka 1962. Mji mmoja, mahasimu wawili. Yamaha ilikuja baadaye kutoka Japani, na kwa mgongo wangu huu, kiti chake ndicho kitamu.

Lakini pwani mwamuzi ni chumvi. Fremu ya Club Car ni ya alumini, haishiki kutu kama chuma. Betri za asidi hazichagui chapa: zikikosa maji, zimekufa. Mimi ningenunua Club Car.