Bunduki za bomba za wapiganaji wa Mau Mau

BUNDUKI za kienyeji zilizotumiwa na wapiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Mlima Kenya, juu ya Kerugoya na Nyeri, ziliundwa kwa vifaa vya kawaida baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 20, 1952.

Mtutu ulikuwa bomba la maji, na kitako kilichongwa kwa mti. Komeo la mlango lilifungwa kwa utepe wa mpira wa gurudumu. Likivutwa nyuma na kuachiliwa, mpira ulilirudisha kwa kasi likagonga risasi.

Silaha hiyo ilifyatua risasi moja tu kabla ya kujazwa tena. Kwa kuwa ndani ya bomba hamkuwa na mifuo ya kuiongoza risasi, shabaha ya mbali ilikosekana, na mpiganaji alilazimika kumkaribia adui. Wakati mwingine bomba lilipasuka na kumjeruhi mwenyewe.

Hatari nyingine ilikuwa mahakamani. Kwa mujibu wa kanuni za hali ya hatari, aliyepatikana na silaha au risasi aliweza kuhukumiwa kifo. Dedan Kimathi, mzaliwa wa Nyeri, alinyongwa Februari 18, 1957 kwa kupatikana na bastola.